Nililipa kiingilio kumwona mwana hiti

Mhariri wangu aliponiaga kwenda Berlin kwenye kozi fupi ya uandishi wa habari aliniambia neno moja tu: usije ukaniletea makala ya baridi na treni zinazofika kwa wakati, hizo zimeshaandikwa na kila Mtanzania aliyewahi kupanda ndege. Nimemtii. Humu hamna baridi wala treni. Nataka kuzungumzia majumba ya wafalme, bustani na makumbusho, kwa sababu Jumamosi na Jumapili zangu zote ziliishia huko, na kwa sababu kuna jambo nililiona kule ambalo limenifuata mpaka kijijini kwetu Matombo na bado halijaniachia.

Nilianza kama mgeni yeyote anavyoanza, na jumba kubwa. Wenzangu wa kozi wakanipeleka Potsdam, mji wa jirani, kwenye jumba linaloitwa Sanssouci. Alilijenga mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia kati ya 1745 na 1747 ili apumzike huko wakati wa kiangazi. Nilitegemea kitu cha kutisha, kumbe nyumba yenyewe haina hata ghorofa! Ndefu, ya rangi ya njano, ndani dhahabu kila kona. Lakini kilichonishika si nyumba, ni kilima chake. Kimekatwa matuta sita makubwa, yamepinda kama upinde, yamepandwa mizabibu, na ngazi inapita katikati. Wenzangu wanapiga picha, mimi nimesimama nacheka peke yangu.

Mtu wa Matombo ukimwonesha matuta lazima acheke au anune. Kwa wasiojua, miaka ya 1950 Waingereza walileta mpango wao wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, wakalazimisha watu kukata milima ngazi ngazi. Kazi ngumu, wanaume kwa wanawake, na ukikata hivyo udongo wenye rutuba unafukiwa chini na ule mfu unapanda juu. Mwaka 1955 watu wakachoka, pakawaka, Matombo ikiwamo, na mpango ukafa. Mpaka leo wazee wakitaka kusema jambo la kulazimishwa wanakutajia matuta. Sasa mimi mjukuu wao nasimama Potsdam mbele ya matuta ya mfalme, yaliyohifadhiwa vizuri, watu wanatoka Japani kuja kuyapiga picha. Kwetu hayo matuta hayana hata kibao.

Pembeni ya jumba, juu kabisa, ndipo alipozikwa mfalme mwenyewe. Aliomba azikwe hapo karibu na mbwa wake, wakubwa wakakataa, ikabidi angoje mpaka 1991 ndipo mwili wake ukaletwa. Jiwe la kawaida tu, na juu ya jiwe, wadau, viazi mviringo. Vibichi! Wageni wanaviweka kwa sababu mfalme huyo ndiye aliyewashurutisha raia wake kulima viazi, kuna amri yake ya 1756. Kwetu mtu akiweka chakula kwenye kaburi la chifu tunasema anatambika, na padre anamkemea Jumapili. Kule ni utalii. Sikuweka kiazi mimi, lakini nilitamani.

Wiki iliyofuata nikaenda kwenye jumba la wafalme la Berlin kwenyewe, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Ukilitazama kwa mbele utaapa ni la karne ya 18. Ukizunguka upande wa mto unakuta ukuta mtupu wa kisasa, kama ofisi ya bima. Ukweli ni kwamba jumba la zamani liliharibiwa vibaya vitani, na mwaka 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki ikalilipua mabaki. Mahali pake wakaja kujenga jengo la bunge lao, nalo likabomolewa, kazi ikaisha 2008. Halafu wakajenga upya lile la kwanza, wakiangalia picha na michoro, kwa gharama ya euro milioni 680 hivi. Linaitwa Humboldt Forum. Lilifunguliwa kwa mtandao tarehe 16 Desemba 2020 kwa sababu ya korona.

Siku tisa baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ikaporomoka upande mmoja ikiwa kwenye matengenezo. Watu wawili walikufa. Nilikuwa bado mwanafunzi, nakumbuka picha ile ya vumbi ilivyozunguka kwenye simu zetu Krismasi nzima. Sikuwa nimewahi kuingia ndani ya Beit al-Ajaib. Nilikuwa na mpango wa kwenda, unajua ile mipango ya "ipo tu, haikimbii".

Ndani ya jumba hilo la Berlin, ghorofa za juu, ndimo ilimo sehemu ya hazina ya Makumbusho yao ya Etnolojia. Vitu vilivyotoka nchi yetu tu vinakadiriwa kufika elfu kumi, vingi vikiwa stoo. Baadhi vilichukuliwa vitani, wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Novemba 1, 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba msamaha kwa yale yaliyofanyika, na mwaka 2024 yakaandaliwa maonyesho ya historia za Tanzania kwenye jumba hilo kwa kushirikiana na Makumbusho yetu ya Taifa. Sidharau hayo. Lakini nitasema ukweli wangu: katika jumba lile nilihisi kama mtu aliyealikwa kwenye arusi ya aliyemnyang'anya mchumba. Chakula kizuri, muziki mzuri, hujui uangalie wapi.

Nikaona nipumzike na vitu visivyosema. Nikaenda bustani ya mimea ya Dahlem, hekta 43, nzuri kuliko nilivyoweza kufikiri, na nyumba ya vioo ndefu kama kanisa kuu ambamo wanatunza mimea ya nchi za joto. Kuna ua dogo ambalo akina mama wa Kijerumani wanalipenda sana, wanaliweka dirishani, wanaliita urujuani wa Usambara. Kisayansi lilipewa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka mbegu kwao. Mtaalamu Wendland akaliandika rasmi 1893. Kumbe lina ndugu yake ambaye si wa Usambara, ni wa kwetu Uluguru, anatambaa kwenye miamba yenye ukungu huko juu msituni. Huyo alikusanywa na Mjerumani mwingine, Walter Goetze, mwaka 1898, na akapewa jina lake, goetzeana. Hivi Goetze alifika juu kule peke yake? Hakuna kijana wa Kiluguru aliyemwambia "bwana, pita huku, lile ua lipo pale"? Jina la huyo kijana halimo kwenye jina la ua.

Na kabla sijaondoka kwenye bustani nikajifunza jambo moja ambalo naomba mlishike, nitalirudia. Hifadhi ya mimea mikavu ya bustani ile, mamilioni ya majani na maua yaliyokusanywa dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwamo, sehemu yake kubwa iliungua Machi 1943 baada ya kupigwa mabomu. Iliungua hapo hapo Berlin, mahali salama.

Sasa nije kwenye kiini. Jumapili yangu ya mwisho nilikuwa sina hela ya makumbusho makubwa, nikaingia kwenye kadogo, kenye vyumba vitatu, cha tatu ndicho cha Afrika. Jina lake nalihifadhi. Kiingilio euro sita, hela ambayo ingenitoa Msamvu mpaka Matombo na kunirudisha, na ndizi za Kinole nikanunua njiani. Nikapita masanduku ya vioo mawili matatu, sura za mbao, mikuki, nikafika la pembeni. Ndani yake kuna kipande cha mti, urefu kama kiganja na vidole vyake. Hakina mikono, hakina miguu. Vititi viwili vidogo, kitovu, na kichwa chenye kishungi kilichogawanyika mara mbili. Kimeng'aa kwa kupakwa mafuta, mafuta ya mikono ya watu wengi. Kibandiko: "Mwanasesere. Mbao. Tanzania."

Mwanasesere! Wadau, yule ni mwana hiti.

Nieleze kidogo kwa wale ambao bibi zao hawakutoka pande za kwetu, maana Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wakutu na sisi Waluguru tunamjua. Msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali. Humo ndani anapewa mwana hiti amlee: amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele, kama mtoto. Ni mtoto wake wa kwanza, wa kumfungulia njia wale watakaokuja. Asipopatikana wa mti watu hutumia kibuyu au gunzi la hindi. Lakini yule wa mti ni wa ukoo, anapita kutoka kizazi hadi kizazi upande wa mama, na kwetu upande wa mama ndio ukoo wenyewe. Hata jina la kijiji chetu, Matombo, kwa Kiluguru ni maziwa ya mama, kwa sababu ya milima ile inayotutazama. Kumwita mwana hiti mwanasesere ni sawa na kuandika kwenye kaburi la Friedrich "jiwe lenye viazi".

Nikatoka nje nikampigia simu bibi. Akapokea akiwa shambani, nasikia kuku na upepo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hujafa kwa baridi?" Nikamweleza nilichokiona. Akanyamaza, nikadhani salio limekata. Halafu akauliza swali moja: "Huyo wa nani?" Nikamwambia haikuandikwa. "Nakuuliza ukoo gani?" Bibi, haikuandikwa. Akasema, "Basi huyo kapotea. Na wewe mwanaume unamkodolea macho ya nini?" Akacheka, akakata.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Mwezi mmoja baada ya kurudi nikaenda Matombo. Njia mnaijua, ukipita Mkuyuni ni milima, minanasi, mafenesi, harufu ya karafuu, na vumbi kama ni kiangazi au tope kama ni masika. Nikamkuta bibi na mgeni aliyekwisha kuondoka. Yaani mgeni mwenyewe hayupo, lakini habari yake imejaa nyumba nzima. Alikuja na pikipiki kutoka mjini, kijana mstaarabu, anauliza vitu vya kale: vigoda, fimbo, na "vile vidoli vya akina mama". Kasema atatoa laki nne. Atarudi kabla ya masika kusikia jibu. Bibi anaye mwana hiti. Nilikuwa sijui! Yumo kwenye sanduku la bati pamoja na rozari yake na cheti cha ubatizo cha misheni, na hajaona kuna ugomvi wowote humo sandukuni. Na juu ya sanduku hilo kuna paa la nyasi linalovuja.

Laki nne ni bati kumi na nne. Bibi ndiye aliyenifanyia hesabu hiyo, si mimi.

Hapa ndipo ninapotaka tuzungumze kama watu wazima, kwa sababu katika mjadala huu wa vitu vya kale naona tumegawanyika makambi mawili na yote mawili yananichosha. Kambi ya kwanza, wengi wao tulisoma nao chuo kikuu, wanasema vyote virudishwe kesho asubuhi. Kambi ya pili wanasema kwa sauti ya chini, hata baadhi ya Watanzania wenzetu, kwamba afadhali vikae kule, ni salama, sisi hatuwezi kutunza.

Nianze na hao wa pili. Usalama gani? Nimeshawaambia habari ya mimea ya Dahlem. Jumba lao lenyewe liliungua na kulipuliwa, lile unaloliona ni nakala. Kwa upande mwingine sitajifanya sijui ya kwetu: mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa kwenye Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, kikaja kuonekana kwenye makumbusho binafsi ya Geneva, na kikarudi nyumbani 2010. Miaka 26! Kwa hiyo hakuna aliye salama, na anayetumia neno hilo aeleze salama dhidi ya nini. Mwana hiti wa euro sita hajaliwa na mchwa, kweli. Ila kapoteza jina la ukoo, na kwa bibi yangu huko ndiko kupotea.

Wale wa kwanza ninawaunga mkono. Virudi, hasa vile vilivyochukuliwa kwa bunduki. Ila nawauliza, virudi kwa nani? Vikitoka stoo ya Berlin vikaingia stoo ya Dar es Salaam bila jina, mwali wa Matombo amefaidika nini? Na jambo la pili linaniuma zaidi: wakati tunapiga kelele za vilivyoondoka miaka 120 iliyopita, vingine vinaondoka leo, kwa pikipiki, kwa laki nne, mchana kweupe. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, na huwezi kupeleka nje kitu cha namna hii bila kibali. Ila sheria hiyo haijawahi kufika kwa bibi yangu. Aliyefika ni kijana wa pikipiki. Nani kati yetu waandishi ameshawahi kuandika habari zake? Mimi sijawahi. Nimeandika semina za urithi wa utamaduni tatu, na posho nikachukua.

Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapoiga wazo la makumbusho kama lilivyo, jengo na vioo na kiingilio. Nimeona ya kwao, mazuri, nimefurahi. Lakini fikirini namna Waluguru wanavyotunza. Chifu Kingalu wa Kinole hana jumba la dhahabu. Anachorithi ni jina. Akifa mmoja anainuka mwingine wa ukoo upande wa mama, na yeye ndiye Kingalu, si "mrithi wa" Kingalu. Wameshapita zaidi ya kumi. Huko ni kutunza bila jengo. Ujerumani walijenga jumba upya, mfalme hayupo. Sisi tunaye Kingalu, jumba halipo. Sijui nani kapoteza zaidi, kila mtu aamue.

Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Daftari. Kila kitu cha ukoo kipigwe picha, kiandikwe ni cha nani, kilichongwa na nani kama anajulikana, kinatumikaje, kwa Kiluguru kwanza na Kiswahili baadaye, na kibaki kwa mwenyewe. Kitu chenye jina na picha si rahisi kugeuka "mwanasesere, mbao" kwenye chumba cha tatu cha mtu. Vijana wenye simu nzuri Matombo wapo tele.

Nilitaka nianze na mwana hiti wa bibi, nikatoa simu. Bibi akanipiga mkono. Hairuhusiwi, mwanaume hapigi picha hiyo, aje dada yako. Basi nikampigia dada, yuko Dar es Salaam, kazi nzuri, benki. Akaniambia mambo ya kuwekwa ndani yalimharibia rafiki yake shule, aliachishwa darasa la saba akaolewa, na yeye hataki kusikia habari za mwali, mwana hiti akauzwe tu bibi apate bati. Nilinyamaza. Sina jibu la kumpa, kwa sababu anasema kweli, na mimi ninayemtetea mwana hiti sijawahi kuwekwa ndani hata siku moja. Tena kwa mila yetu wanangu mimi watakuwa wa ukoo wa mama yao. Mwana hiti yule ni wa dada na mabinti zake, mimi ni mjomba tu. Lakini mjomba kwetu ndiye anayeulizwa, kwa hiyo siwezi kujificha.

Nilirudi kwa bibi nikamwambia asiuze, angoje. Akanitazama kama mtu anayetazama wingu. "Nikingoja, mvua nayo itangoja?"

Mshahara wa mwandishi mnaujua. Mwezi huu nimepeleka bati tano. Zimebaki tisa, na misumari. Dada kasema atakuja Pasaka, kumwona bibi, si kupiga picha. Simu yake lakini ina kamera nzuri kuliko yangu.